Mstari Mnyoofu Si Lazima Uwe wa Kweli

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya kazi ya kuchora michoro ya ufundi, na hasa namna vijana wetu wanavyojifunza kuichora kwa kompyuta. Nimechagua kusimama Hasamba, kata iliyoko wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Sababu yake ni kwamba pande zile zimepitiwa na mistari miwili mikubwa ya historia, mmoja wa mpaka na mwingine wa reli. Anayetaka kujua tofauti ya mstari mnyoofu na mstari wa kweli, hana haja ya kwenda mbali.

Tuanze na mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mkataba ule ulitaja mto Songwe, ukataja nyuzi za longitudo 33 na 32, ukataja bonde la mto Kongo, kisha ukaishia mto Kilambo. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi kabisa. Lakini nchi yenyewe ilikuwa haijapimwa. Wapimaji wa mataifa hayo mawili walikuja kuukagua mpaka huo mwaka 1898, yaani miaka minane baada ya mstari kuchorwa, na makubaliano juu ya kazi yao yakatiwa sahihi mwaka 1901. Kwa ufupi, mchoro ulitangulia, vipimo vikafuata. Hadi leo Wanamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, ndugu kwa ndugu, na mpaka umepita katikati yao.

Sasa tuutazame mstari wa pili. Reli ya TAZARA, inayopita Mlowo, Vwawa na Tunduma, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Kabla ya ujenzi kuanza mwaka 1970, wapimaji na wahandisi kutoka China, pamoja na wenyeji, walikuwa wamekwisha kuifanya kazi ya upimaji na usanifu tangu mwaka 1968. Walipita kwa miguu katika mabonde na milima, ikiwamo ile sehemu ngumu ya kati ya Mlimba na Makambako. Hapa vipimo vilitangulia, mchoro ukafuata. Reli ile yenye madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20 ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Handaki refu kwa kawaida huchimbwa kutoka pande zote mbili za mlima. Mchoraji akikosea, wachimbaji watapishana ndani ya mwamba bila kuonana.

Tena liko jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067, ili mabehewa yaweze kuendelea katika reli za Zambia na za kusini zaidi. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Lakini kwa sababu ya vidole hivyo, behewa la reli moja haliwezi kupanda reli nyingine, na pale Kidatu palihitajika kituo cha kuhamishia mizigo. Atakayesema milimita si kitu, na aende akawaulize wapakuzi wa Kidatu.

Je, michoro ya namna ile ilichorwa kwa nini? Ilichorwa kwa mkono, juu ya ubao, kwa rula yenye umbo la T, bikari, penseli iliyochongwa vizuri na kalamu ya wino. Aliyekosea kwa wino alikwangua kosa lake kwa wembe, taratibu, asitoboe karatasi. Ugumu ule ulikuwa mwalimu, kwani ulimfanya mtu afikiri kabla ya kuweka mstari.

Wakati huohuo wenzetu walikuwa wamekwisha kuanza njia nyingine. Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Desemba 1982 programu ya AutoCAD ikaanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo za mezani. Lakini sisi hapa serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974, na mlango haukufunguliwa sawasawa mpaka miaka ya 1990. Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilifunguliwa mwaka 1986, marufuku hiyo ingali hai. Kwa hiyo tulichelewa, na aliyechelewa hushawishika kurukia mwisho wa somo.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Kijana anayefundishwa vizuri hachori kwa kukisia. Hasogezi kipanya hadi aone mstari umependeza. Huandika namba: kutoka nukta hii, mita 4.20, kwa pembe ya nyuzi 90. Mstari wa pili hauweki karibu na ncha ya ule wa kwanza, bali huiamuru programu inase ncha ileile. Kwa macho mistari miwili inaweza kuonekana imegusana, lakini ukiikuza picha unakuta mwanya, na chumba chenye mwanya kompyuta haiwezi kukipigia eneo lake. Kuta huzipa tabaka lake, umeme lake, mabomba lake. Nyumba huichora kwa ukubwa wake halisi, na ile skeli ya 1 kwa 100 huja wakati wa kuchapa.

Hata hivyo, yote hayo hayawezi kuuponya uongo ulioingia mwanzoni. Kiwanja cha mita 12 kikiandikwa 12.5, kompyuta itaichora hiyo 12.5 kwa usahihi ambao hakuna mkono wa binadamu utakaoufikia. Mashine haitoki kwenda Hasamba kuitafuta bikoni kwenye majani. Nusu mita ile itakuja kuonekana siku jirani atakapoukuta msingi ndani ya shamba lake la kahawa, na kesi itakwenda baraza la kata.

Mambo haya si ya nadharia. Tangu mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016 na makao yake kuwa Vwawa, kazi za viwanja, ofisi na barabara zimekuwa zikihitaji watu wa kuchora na wa kuisoma michoro. Kijana wa Hasamba asiyejua atabaki kubeba zege chini ya mchoro wa mwenzake aliyetoka mbali. Wala bei ya programu isiwe kisingizio, kwani zipo zinazotolewa bure, kama LibreCAD na FreeCAD.

Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wetu wawatoe wanafunzi nje kwanza, wakiwa na futi kamba, timazi na pima maji, wapime darasa lao wenyewe, ndipo wakalichore. Na fundi mwashi wa mtaani, aliyezeeka na vipimo kichwani, aketi kando ya kijana mwenye kompyuta. Mmoja anajua ukuta unavyosimama, mwingine anajua namba inavyoandikwa. Wakitengana, tutarudia ya mwaka 1890, tuchore kwanza halafu tuje kuuliza nchi ikoje.