Klabu za Shule Kisiwani Mombasa: Jua Venye Zinafanya Kazi Kabla Uchague

Kama unasoma shule ya upili kisiwani, iwe Allidina Visram, Coast Girls, Khamis, Serani, Star of the Sea, Mama Ngina ama Tononoka, au una dogo anaingia Gredi ya 10, soma hii polepole. Watu wengi bado wanadhani klabu ni mahali pa kuua saa ukingoja kengele ya kwenda home. Saa hii si hivyo tena.

Mambo iko hivi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Huko kuna mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Muziki, densi na uigizaji ziko huo mkondo wa tatu. Shida ni kwamba kila shule lazima iwe na STEM, lakini si kila shule iko na mkondo wa sanaa. Unaweza kuwa na sauti moto na ujipate shule haina somo la muziki kabisa. Hapo klabu ndiyo darasa lako, na hakuna lingine.

Kwaya na makundi ya muziki

Hii ndiyo klabu kubwa. Kazi yake ya mwaka ni Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza 1927. Huwa ni muhula wa pili, na fainali za kitaifa zinakuwa Agosti. Ngazi ni hizi: shule za kisiwani zinaanzia kaunti ndogo ya Mvita, zikipita zinaenda kaunti ya Mombasa, halafu kanda ya Pwani mkutane na Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kisha taifa. Walioshinda huko juu kuna wanaochaguliwa kuimba mbele ya Rais.

Si kwaya ya suti na tai pekee. Kuna nyimbo za kiasili, densi, ala, zilizopendwa na kughani mashairi. Hapa Pwani tuko na mali: sengenya ya Wadigo na Waduruma, gonda ya Wagiriama, kirumbizi ya Waswahili na fimbo zake. Na mtoto wa Kibokoni ama Mji wa Kale aliyekaa chuoni akiimba kaswida na kupiga twari tangu utotoni, huyo tayari anajua pumzi, mahadhi na kuitikia kwa pamoja. Mwalimu mjanja anaanza na yeye.

Makundi madogo pia huzaliwa hapa. Sauti Sol walianza hivyo: Bien, Savara na Chimano walikutana Upper Hill School, Nairobi, wakiimba bila ala kwa kundi la Voices in the Light. Polycarp alijiunga baadaye, na jina Sauti Sol likaja 2005.

Drama na filamu

Tamasha ya drama ya kitaifa ilianza 1959. Yenyewe huwa muhula wa kwanza na fainali ni Aprili. Kuna mchezo wa kuigiza, densi ya kubuni, masimulizi, vichekesho na filamu fupi. Ukiwa hupendi kusimama stejini, kuna kuandika, kushona mavazi, taa na kamera. Usichukulie poa hii klabu. Aprili 2025 mchezo wa Butere Girls, Echoes of War, ulifika hadi mahakamani, na huko Nakuru wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Nchi nzima ikaongea kuhusu drama ya shule.

Klabu ya Kiswahili

Huu mji ni wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki karibu 1840, na wa Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa jela ya Kamiti. Ukiandika mistari ya rap, ingia hapa ujifunze vina na mizani. Flow yako itabadilika.

Skauti na bendi

Skauti wako Kenya tangu 1910. Kupiga gwaride na kucheza ngoma za bendi kuna historia nzito hapa kwetu. Miaka ya 1870 wamisheni walianzisha Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa, kwa watu waliokombolewa utumwani. Vijana wa huko walijifunza tarumbeta. Mabendi kama hayo ni moja ya chimbuko la beni, ngoma iliyogawa Mombasa pande za Kingi na Scotchi zikishindana mitaani, halafu ikasambaa hadi Tanganyika. Tarumbeta za shule zilifika mbali.

Zingine za kuangalia

Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa 1968, na walioianzisha ni wanafunzi wenyewe. President's Award, iliyoanza 1966, ina shaba, fedha na dhahabu, na unaweza kuendelea hata ukimaliza shule mpaka miaka 24. Kuna pia mdahalo, uandishi wa habari na maonyesho ya sayansi.

Shule yenu haina klabu?

Tafuta wenzako kwanza, kisha mwalimu mlezi. Si lazima awe wa muziki, anayependa anatosha. Mwende kwa mwalimu mkuu mkiwa na majina, siku na saa. Wengi kisiwani ni wa kutwa: kuna wa kuwahi feri ya Likoni, kuna wa chuo jioni, na Ramadhani nayo ipangiwe. Mazoezi mafupi mara mbili kwa wiki yanashinda ya saa tatu ambayo nusu ya watu wanahepa. Doo huisha kwa usafiri, mavazi na chakula siku za mashindano, kwa hivyo ongeeni na wazazi mapema.

Nje ya shule, Swahilipot Hub iko karibu na Fort Jesus tangu 2016, na vijana wa sanaa wanapata steji hapo. Little Theatre Club nayo bado ni jina kubwa kwa waigizaji.

Neno kwa mathe na buda

Watoi wengi hutolewa klabu wakifika kidato cha tatu, eti wasome. Lakini kuna mtoto ambaye kwaya ndiyo inamleta shule Jumatatu. Kabla umtoe, nenda siku moja umwone akiimba. Halafu muulize mwalimu kama shule iko na mkondo wa sanaa. Kama hauko, unajua unamtoa wapi.