Mwanafunzi wa Canberra na Mafaili ya Ofisi Zetu

Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, na shida yake ilikuwa ndogo. Mafaili yake yalikaa kwenye mashine ya Sun yenye Unix, naye alitaka kuyafungua kutoka kwenye kompyuta ya mezani yenye DOS. Programu ya mtandao aliyokuwa nayo, iliyotoka kampuni ya Digital, ilielewana na seva za Digital tu. Maelezo ya jinsi mashine hizo zilivyoongea hakuwa nayo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu. Aliandika programu ya kunasa kila pakiti inayopita kwenye waya, akaketi kuzisoma: kompyuta imeomba nini, seva imejibu nini, ombi likibadilika kidogo jibu linageuka vipi. Miaka ya baadaye alieleza kazi hiyo kwa mfano wa mgeni asiyejua Kifaransa aliyeketi mkahawani Ufaransa, akiwasikiliza wateja wakiagiza na kutazama mhudumu analeta nini, mpaka akaweza kuagiza mwenyewe. Hakufungua programu ya mtu wala hakunakili mstari wa mtu. Alisikiliza. Januari 1992 aliitoa seva yake bure kwa yeyote aliyeitaka, akarudi kwenye masomo.

Karibu miaka miwili ilipita. Nyumbani kwake Tridgell alikuwa na kompyuta ya Linux, na mkewe alikuwa na ya Windows. Alipotaka kuziunganisha aliikumbuka kazi yake ya zamani, akaijaribu, ikakubali. Kumbe lugha aliyoisikiliza haikuwa ya Digital peke yao. Ilikuwa itifaki ya SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuendelezwa na Microsoft. Windows za kwenye mtandao ziliiongea. Mwaka 1994 programu ikapewa jina la Samba, kwa kuwa jina la awali lilikuwa na mwenyewe. Waliotaka kumshukuru Tridgell waliombwa wamtumie piza.

Mimi nafunga seva za mafaili katika ofisi ndogo za Mombasa, hasa za mawakala wa forodha, na sioni kuwa historia hii ni ya Australia peke yake. Ofisi ya wakala ina meza nne au tano, na hati ya mzigo mmoja hupita kwenye meza zote. Zamani ilipita kwa flashi. Flashi ilitoka kwa karani, ikaenda kwa mhasibu, ikarudi na kirusi kilichoyaficha mafolda yote, na huku meli imeshafunga gati na mwenye mzigo yuko mlangoni. Seva ya kununua ilikuwepo tangu enzi za NetWare ya Novell, lakini leseni yake iliuzwa kwa idadi ya watumiaji. Ukiajiri mtu, unarudi dukani. Kwa Samba nachukua kompyuta ya mezani iliyostaafishwa, natia Linux na diski mbili zinazobeba nakala ileile, ili moja ikifa kazi isisimame, kisha naandika faili moja la maandishi linalosema folda ipi ni ya nani. Tajiri analipia diski, swichi na mikono yangu.

Uhuru huo wa kutolipia leseni nusura uzimwe. Kila toleo jipya la Windows lilikuja na maneno mapya kwenye itifaki, na timu ya Samba ikabidi isikilize upya. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya itifaki zake kwa washindani. Microsoft ilikata rufaa. Tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ya Luxembourg iliunga mkono uamuzi wa Tume. Desemba mwaka huohuo timu ya Samba, kupitia taasisi iliyoundwa kwa ajili hiyo, ikapata nyaraka kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Kwangu mimi Desemba ile ina uzito kuliko uzinduzi wa simu yoyote. Oktoba 2011 mhandisi wa Microsoft mwenyewe alituma msimbo wake uingizwe kwenye Samba, jambo ambalo miaka michache nyuma hakuna ambaye angeliamini.

Lugha ya kwanza, ile aliyoisikiliza Tridgell, sasa inazikwa. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipenya kupitia tundu katika namna Windows ilivyotekeleza SMB ya toleo la 1, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza na za watu wengi kwingineko. Tangu toleo la 4.11 la 2019, Samba huja ikiwa imeizima SMB hiyo ya toleo la 1. Ndiyo maana mashine ya fotokopi ya zamani, inayoskani hati na kuzipeleka moja kwa moja kwenye folda, hugoma pale tu ninapoweka seva mpya: haijui lugha nyingine. Mwenye ofisi huniambia, "Fundi, si uiwashe tu hiyo ya zamani?" Siiwashi. Namwelekeza askani kwenye kompyuta moja kisha aliburute faili hadi kwenye folda ya pamoja, na tunaanza kuongea bei ya fotokopi nyingine.