Uzito wa Mtoto na Mahali pa Nyumba: Taarifa za Afya Iringa na Mbeya

Wanavijiji wa Iringa walianza kutoa taarifa za miili yao kwa utaratibu maalumu miaka mingi kabla ya simu ya mkononi kufika huko. Mwaka 1983 mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, uliogharimiwa na serikali ya Italia, ulianza katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Njombe, Makete na Ludewa. Kila baada ya miezi mitatu watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikusanywa na kupimwa uzito. Kipimo kilichorwa kwenye kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, ambayo mama aliondoka nayo, kisha kikaandikwa kwenye daftari la kijiji.

Usiri haukuwa sehemu ya mpango huu. Kamati ya afya ya kijiji ilijua ni mtoto wa nani aliyeangukia kwenye nyekundu, na jambo hilo lilizungumzwa: mtoto anakula mara ngapi kwa siku, mama analemewa na kazi zipi, nani anabaki naye mama akiwa shambani. Kata na wilaya zilipelekewa idadi tu. Kwa macho ya leo, kumjadili mtoto kwa jina mbele ya majirani kunaweza kuonekana ni kumvunjia heshima mzazi. Hata hivyo, taarifa ilifanyiwa kazi palepale ilipotolewa, na mwenye nayo aliiona kwa macho yake, hata kama hakujua kusoma. Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji hivyo vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wenye hali mbaya kabisa kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Mbeya ilishika njia nyingine, na sababu kubwa ilikuwa UKIMWI. Matokeo ya kipimo cha virusi hayawezi kujadiliwa mkutanoni kama uzito wa mtoto. Jina likivuja, mtu hupoteza kazi, ndoa au nyumba ya kupanga. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia kwa takribani miaka minne wanawake wapatao 600 waliofanya kazi kwenye baa za mkoa huo, kundi ambalo lingeumia vibaya kama siri zake zingetoka nje. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 iliufanya usiri wa majibu kuwa wajibu wa kisheria.

Utafiti mkubwa zaidi, ulioitwa EMINI, uliendeshwa na kituo cha utafiti cha Mbeya pamoja na Chuo Kikuu cha Munich kati ya mwaka 2006 na 2011. Ulihusisha watu wapatao 18,000 katika maeneo tisa. Kaya zao zilipimwa mahali zilipo kwa kifaa cha GPS, kisha vipimo vya minyoo vikalinganishwa na mwinuko, mvua na joto la ardhi lililosomwa na setilaiti.  Njia hii nayo ina hatari yake. Penye nyumba zilizotawanyika, alama ya mahali humtambulisha mwenye nyumba karibu sawa na jina lake, hata jina lenyewe likiwa limefutwa.

Sheria ya jumla ilichelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi nyeti linalodai ridhaa ya maandishi, inasimamia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, na inampa mhusika haki ya kuziona taarifa zake na kudai zisahihishwe. Haki hiyo ya kuona ndiyo ambayo mama wa Iringa alikuwa nayo mkononi tangu 1983. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024, na wanaokusanya au kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwake.