Homa Irudiayo kwa Mtoto Baada ya Surua

Mama wa Singida Mjini ambaye mtoto wake amepona surua, kisha mwili ukawaka tena, aweza kusikiwa akisema, "Homa imerudi." Twapenda kulipima neno hili "kurudi", maana ndani yake mna fikira iletayo hasara kubwa. Kitu kirudicho ni kile kile kilichokwenda. Basi mzazi hudhani ugonjwa ni ule wa kwanza, naye hungoja uishe wenyewe.

Historia ya elimu ya tiba yatufundisha vingine. Mwaka 1908 tabibu Clemens von Pirquet wa Vienna alieleza jambo la ajabu. Watoto ambao ngozi zao zilivimba walipojaribiwa kwa tuberkulini, yaani dawa ya kupimia kifua kikuu, hawakuvimba tena kwa siku kadhaa walipokuwa na surua. Mwili ulikuwa kama mlinzi aliyelala. Virusi vya surua vyenyewe vilipatikana mwaka 1954, na chanjo yake ikaruhusiwa Marekani mwaka 1963. Kisha mwaka 2019 wataalamu walipima damu ya watoto wasiochanjwa, kabla ya surua na baada yake, wakaona wamepoteza baina ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa nazo juu ya magonjwa mengine. Basi surua humsahaulisha mlinzi nyuso za adui zake wa zamani. Homa ifuatayo mara nyingi si ile iliyorudi, bali ni mgeni mwingine aliyekuta mlango wazi: kichomi, au maradhi ya sikio, au malaria.

Ushahidi mmoja watoka karibu nasi, katika hospitali ya misheni ya Mvumi, nchi ya Ugogo. Nao Wagogo ni jirani za Wanyaturu, na wengi wao hukaa Manyoni, katika mkoa huu huu wa Singida. Habari zake zilichapwa mwaka 1987. Watoto 180 wenye surua kali waligawanywa mafungu mawili pasipo kuchaguliwa. Katika 92 waliotibiwa kwa desturi, walikufa 12. Katika 88 walioongezewa vitamini A kwa siku mbili, walikufa 6. Faida ilionekana hasa kwa walio chini ya miaka 2. Hesabu hiyo ni ndogo, nayo peke yake haikutosha kukata shauri. Lakini jaribio la Cape Town lililochapwa mwaka 1990 lilitia nguvu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtoto mwenye surua apewe vitamini hiyo mara mbili, siku mbili mfululizo.

Hatusemi kwamba kila homa ni ya kutisha. Mtoto mchanga hushikwa na mafua mara nyingi kwa mwaka, akapona. Ila kila homa ihesabiwe kuwa mpya, na mtoto apimwe malaria tena, hata kama alipimwa juma lililopita. Wa chini ya miezi 2 apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo yeyote asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu, apumuaye mbiombio, aliyelegea, au aliyeshikwa na degedege. Kunyonyesha kusikatizwe. Aspirini asipewe, maana baada ya magonjwa ya virusi yaweza kudhuru ini na ubongo. Kwa sababu hiyo Uingereza iliikataza kwa watoto mwaka 1986. Na chanjo ya surua isikosekane, katika mwezi wa 9 na wa 18.

Wenzetu walimu na makasisi husikilizwa katika nyumba nyingi kabla ya tabibu kuitwa. Mzazi akisema, "Homa imerudi," na wamfundishe kusema, "Homa nyingine imekuja." Asemaye imerudi hungoja, asemaye imekuja nyingine huuliza ni ipi, na aulizaye huondoka nyumbani mapema.