Adabu ya ukwe iliyojenga vijiji vya Kyela

Asubuhi, Ipinda au Matema wilayani Kyela, mtu humwamkia mkubwa wake kwa "Mwagonile", na mwanamke hukunja magoti anapoamkia. Lakini katika historia ya Wanyakyusa wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hakuna salamu iliyobeba uzito kama ile iliyokatazwa: ya mkamwana kwa baba mkwe wake.

Mkamwana hakumtazama mkwewe, hakusema naye wala kukanyaga nyumbani kwake. Akimwona anakuja, aliiacha njia, akaingia migombani na kujifunika uso kwa nguo mpaka mzee apite. Jina la mzee hakulitaja, na hata maneno ya kawaida yaliyofanana nalo aliyakwepa. Binti aliyetoka kuolewa alilazimika kujifunza upya namna ya kuzungumza.

Adabu hiyo ilitaka nafasi, na nafasi ikapatikana kwa njia ya ajabu. Wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pembeni. Waliendelea kuwachungia baba zao ng'ombe, baadaye kuwalimia mashamba, na kula walikula kwa mama zao, kundi zima likihama kutoka jiko moja hadi jingine. Walipooa, wake zao waliletwa kwenye kijiji hichohicho cha rika, mbali na wakwe. Baba naye alipumua: mara nyingi alikuwa na wake kadhaa, wengine wa umri wa wanawe, na hakutaka vijana wakubwa uani. Rika lilipokomaa, wazee walilikabidhi nchi kwa sherehe kubwa.

Wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, pamoja na Wamoravian, walipofika mwaka 1891, walivikuta vijiji hivyo vikiwa hai. Aliyevieleza kwa kina ni Monica Wilson, aliyefanya utafiti na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Kitabu chake, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Kabla ya utafiti huo alikuwa amekaa na Wapondo wa Afrika Kusini. Huko pia mke hukwepa jina la mkwe, lakini wana walioa na kukaa kwenye boma la baba. Wanyakyusa waliichukulia adabu ileile kwa uzito zaidi, wakaifanya ramani ya nchi. Kwangu mimi, huo ni ubunifu unaostahili kufundishwa katika shule za Kyela.

Ardhi ndiyo iliyovivunja vijiji hivyo vya rika. Vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Zambia, watu wakaongezeka, mashamba yakabana. Mazao ya kudumu nayo yakamfunga mtu mahali pamoja: shamba la mahindi unaweza kulihamisha, mkakao hauhami. Siku hizi kijana wa Kyela hujenga kwenye kiwanja cha baba yake, na mkamwana anateka maji kwenye bomba moja na mkwewe, akimwamkia kwa magoti yaliyokunjwa.