Keris Haipakwi Kila Mafuta

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Marehemu babu yangu alituachia jambia moja. Nami nilipomaliza kidato cha nne, sina kazi, nikajifanya mtunza urithi. Nikalimiminia marashi ya dukani, yale ya spiriti yanayonukia mpaka mtaa wa pili, nikalirudisha kwenye ala. Masika yalipokwisha nikalichomoa. Lo! Kutu tupu. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mume wangu, nani kakufundisha hivyo?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Java, kisiwa cha Indonesia. Kwa vitabu lakini, maana nauli sina. Naandika riwaya ambayo ndani yake yumo baharia anayerudi na keris, nikataka nijue angeitunzaje.

Keris ni kisu cha Wajava chenye makali pande zote mbili. Nyingine zimenyooka, nyingine zimepindapinda kama nyoka anayetambaa. Mhunzi wake huitwa empu. Yeye hukunja na kugonga chuma cha kawaida pamoja na chuma chenye nikeli, tena na tena, hata michoro myeupe ikatokeza ubavuni. Michoro hiyo huitwa pamor. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza keris ya Indonesia kuwa urithi wa binadamu wote.

Na visa vyake, wee! Kitabu cha kale kiitwacho Pararaton chasimulia habari za Ken Arok, aliyeagiza keris kwa Empu Gandring. Akashindwa kungoja, akaichukua kabla haijakamilika na kumchoma nayo mhunzi mwenyewe. Gandring akamlaani kabla ya kukata roho. Ken Arok akawa mfalme wa Singasari mwaka 1222, lakini mwishowe keris ileile ikamrudia. Sasa kitu chenye hadithi kama hizo, nani atakipaka mafuta ya kukaangia samaki?

Wajava wengi husafisha keris zao mwezi wa Suro, ambao ni Muharram yetu. Sultan Agung wa Mataram ndiye aliyeifuatisha kalenda ya Wajava na mwezi mwandamo mwaka 1633. Keris huondolewa mafuta ya zamani, ikasuguliwa kwa ndimu mpaka kutu itoke na chuma kiwe cheupe. Kisha hupakwa warangan, yaani dawa ya aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu. Hiyo ni sumu, msomaji, usijaribu nyumbani! Warangan hukifanya chuma kiwe cheusi, lakini nikeli hubaki inang'aa, na pamor ikaonekana. Baada ya kuoshwa na kukaushwa sawasawa, ndipo hupakwa mafuta.

Hapo ndipo penye kuchagua. Mimi nilidhani kazi ya mafuta ni kunukia. Kumbe kazi ya kwanza ni kukizuia chuma kisikutane na unyevu, na Java ni nchi ya mvua na joto. Marashi ya spiriti huruka upesi, chuma kikabaki uchi. Kosa langu lilikuwa hilohilo. Mafuta ya nazi yakikaa huchacha na kunata, yakakusanya vumbi. Mafuta ya msandali, wenyewe huyaita cendana, ni mazito, hayaruki haraka, na harufu yake hudumu. Kwa kuwa ni ghali na mazito mno yakiwa peke yake, wengi huyachanganya na mafuta mepesi safi. Hata ya cherehani hutumika! Wengine hupenda melati, ambayo ni asumini, au kenanga. Hupakwa kidogo tu kwa brashi laini, maana yakizidi huingia kwenye mbao za ala na kuziharibu.

Basi nilipojua kenanga ni nini, nilicheka peke yangu. Ni mlangilangi! Mti uleule ambao maua yake hunukia kwetu pwani. Na karafuu inayoipa Unguja na Pemba jina, asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia. Kumbe pua zetu na zao zimejuana zamani.

Mbona basi wasitumie mafuta ya cherehani matupu, kama kazi ni kuzuia kutu? Nimelifikiria sana jambo hili. Keris huitwa pusaka, yaani urithi wenye heshima, na Mjava huihudumia kama mzee wa nyumba. Mzee humwogeshi ukamwacha hivihivi. Humpaka manukato pia. Wapo Waislamu wa huko wanaosema heshima ya namna hiyo imekaribia ushirikina. Wengine hujibu kwamba wanaienzi kazi ya mikono ya wazee, hawakiabudu chuma. Ugomvi huo siwezi kuuamua.

Ila swali la Bibi sasa naweza kulijibu. Hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza babu alipokuwa hai. Jambia nimelisugua, lakini vishimo vya kutu havitoki. Nimelipaka mafuta mepesi yenye tone la msandali. Bibi alilinusa, akanyamaza kitambo, akasema, "Babu yako alikuwa anatia karafuu."

Nawe msomaji, kama mzee wako yuko hai, nenda kamwulize leo.