Leyova ya Masaa Tisa: Jinsi ya Kuchagua Launji Kabla Mzazi Hajatoka Kitui

Susu wangu wa Mutomo alipanda ndege mara ya kwanza akiwa na miaka 71, akienda kumwona shangazi Marekani. Shangazi alikuwa amejinyima akamkatia tiketi ya daraja la biashara, ndio miguu ya mzee ipate pa kunyooka. Njiani kulikuwa na leyova ya masaa tisa. Masaa yote tisa susu alikaa kwa kiti cha chuma karibu na geti, begi katikati ya magoti, akila njugu alizotoka nazo nyumbani. Chai aliiogopa bei. Dola zake zilikuwa zimefungwa kwa leso na hazikufunguliwa.

Alipofika, shangazi akamuuliza chakula cha launji kilikuwaje. Susu akauliza, "Launji ni nini?"

Manze, hiyo iliuma. Chakula moto, bafu, kiti cha kujilaza, vyote vilikuwa ndani ya tiketi na doh ilishatoka. Hakuna mtu alimwambia, na sisi wenyewe hatukuwa na rada. Kwa hivyo kama una mzazi Kitui ama Makueni ambaye watoto wa majuu wanamtumia tiketi ya biznes, ama ni wewe umebahatika, soma hii mpaka mwisho.

Launji hufunguliwa na nini?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni tiketi: ukiwa biznes ama daraja la kwanza, kwa kawaida unaingia bure. Ya pili ni kadi ya uanachama ya mtu anayesafiri sana. Ya tatu ni pesa, iwe unalipa mlangoni ama unatumia kadi ya benki iliyo na huduma kama Priority Pass. Hii ya tatu ina shida zake: launji nyingi za kulipia zinakupa kama masaa matatu hivi, na zikijaa unaweza kurudishwa.

Sasa angalia mitego mitatu:

- Launji kwa kawaida inaangalia ndege unayopanda, si ile uliyoshuka. Ukitoka Nairobi biznes halafu ndege ya pili uko ikonomi, unaweza kukataliwa mlangoni.
- Si kila biznes ina launji. Kuna mashirika makubwa ya Ghuba yanauza biznes ya bei ya chini ambayo launji imetolewa. Kabla ya kulipa, soma masharti ya tiketi.
- Tiketi ya biznes inakuingiza wewe. Mgeni wako wa ikonomi mara nyingi anabaki nje, isipokuwa una kadi ya uanachama ya juu.

Uko familia gani?

Mashirika ya ndege yamejipanga kwa miungano, na muungano ndio unaamua mlango gani utakufungukia. Kenya Airways iko SkyTeam pamoja na KLM na Air France. Ethiopian, Turkish na EgyptAir wako Star Alliance. Qatar Airways iko oneworld. Emirates haiko kwa muungano wowote kati ya hii mitatu. Kwa hivyo usione launji ya shirika lingine inang'aa ukajiingiza tu. Utaaibika bure.

Vituo ambavyo watu wetu hupitia

*Nairobi.* Launji ya Kenya Airways inaitwa Pride, na iko Terminal 1A pale JKIA. Ukipanda shirika lingine, uliza kaunta wakati wa kuchekiwa mizigo wanatumia launji gani.

*Addis Ababa.* Launji ya biznes ya Ethiopian inaitwa Cloud Nine. Leyova ikiwa ndefu sana, Ethiopian huwa na mpango wa hoteli kwa masharti, na Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia. Kwa mzee mwenye mgongo mbaya, kitanda cha hoteli kinashinda launji yoyote. Lakini panga hiyo wakati wa kukata tiketi. Usingoje ufike.

*Doha.* Launji ya biznes inaitwa Al Mourjan. Ziko mbili. Ile kubwa ya kusini ina zaidi ya mita mraba 10,000, ukipotea ndani utatafutwa. Ile nyingine ilifunguliwa 2023 na inatazama bustani ya miti iliyo ndani ya uwanja. Utaona pia Al Safwa. Hiyo ni ya daraja la kwanza, tiketi ya biznes haiifungui.

*Dubai.* Emirates wako Terminal 3, iliyo na sehemu A, B na C, na kila sehemu ina launji ya biznes. Hapa usichague kwa uzuri. Chagua iliyo karibu na geti lako, kwa sababu kutoka sehemu moja hadi nyingine ni safari. Kutoka nje ya uwanja kunahitaji viza.

*Istanbul.* Turkish wana launji kubwa ya biznes yenye mabafu. Wana pia matembezi ya bure ya mji, Touristanbul, kwa walio na leyova ya kuanzia masaa sita hadi 24. Lakini bila viza ya Uturuki hutoki.

*Amsterdam.* Hapa ndio wengi huchanganyikiwa. KLM ina Crown Lounge mbili, namba 52 na namba 25. Ukitoka Nairobi kwenda Marekani ama Canada, yako ni 52. Ile 25 iko upande wa Schengen, na kufika huko lazima upite uhamiaji.

Kumbuka pia kuwa tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka moja kwa moja Nairobi hadi New York. Kama hiyo ndiyo njia yako, launji ya kuwaza ni ya Nairobi tu.

Chagua kwa shida, si kwa picha

Mtandaoni kila mtu anaposti shampeni. Wewe jiulize mwili unataka nini. Masaa mawili au matatu: tafuta iliyo karibu na geti, dishi, chaji simu. Masaa manne hadi saba: tafuta bafu na pembe tulivu. Andikisha jina la bafu ukiingia tu, maana foleni huwa noma. Zaidi ya masaa nane: uliza hoteli kwanza, launji baadaye. Na usitarajie muthokoi, lakini supu, wali na matunda huwa hazikosi.

Launji nyingi hazitangazi ndege. Huko ni kimya, na ukilala ndege inaenda bila wewe. Seti alamu, na umwambie mhudumu akuamshe.

Mambo ya saa

Addis, Doha na Istanbul ziko saa moja na Nairobi, kwa hivyo saa ya mkononi haibadilishwi. Dubai iko mbele kwa saa moja. Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja msimu wa joto, na mbili msimu wa baridi.

Hatari nyingine ni hii: mzee akisoma 08:00 kwa tiketi anaweza kufikiria saa nane mchana, kumbe ni saa mbili asubuhi. Muandikie saa ya Kiswahili kando, kwa kalamu.

Kabla ya kutoka boma

Watu wa Ukambani tuna bahati moja. Ukitoka Wote, Kibwezi, ama Kitui kupitia Machakos, unafika JKIA kabla ya kuingia mji. Jam ya tauni haikuhusu, ile ya Mlolongo inakuhusu. Toka mapema. Ukifika mapema, launji ya Nairobi nayo ni yako.

Wakati wa kukata tiketi, omba huduma ya kiti cha magurudumu hata kama mzee anatembea vizuri. Mhudumu wa kile kiti ndiye anajua njia, na atamsukuma hadi mlangoni.

Halafu andika karatasi kwa Kiingereza, aiweke pamoja na pasipoti: jina lake, namba ya ndege, kwamba ana tiketi ya biznes, anaomba kupelekwa launji na kuamshwa saa moja kabla ya ndege. Karatasi ya shilingi tano inafungua mlango wa tiketi ya laki kadhaa.

Safari ya kurudi, shangazi alimwandikia susu hiyo karatasi. Susu alioga, akala, akalala, akaamshwa. Alipofika Mutomo alikuwa na swali moja tu: nani alilipa ile supu?

Wako mwambie mapema. Imeshalipwa.